Ganda la Dawa na Mwani wa Kwale

 Wiki hii tumeazimia kuandika juu ya kitu kidogo kwa umbo na kizito kwa natija, nacho ni lile ganda linalofunika unga wa dawa, ambalo wengi wetu hulimeza asubuhi na jioni pasi na kujua limetokana na nini.

Kisa kilichotusukuma kushika kalamu kinatuhusu sisi wenyewe, wala hakitupambi. Jioni moja, baada ya swala ya Magharibi, kijana mmoja wa mtaani kwetu alitungoja kwenye baraza ya msikiti, mkononi ana mfuko wa dawa. Baada ya kuamkiana alisema, "Maalim, hizi ni dawa za mama. Siku tisa hajazigusa. Jana usiku kifafa kilimwangusha jikoni, akaungua mkono." Tukamuuliza kwa nini ameziacha. Aliinamisha kichwa, akajibu kwa adabu, "Ni maneno yako, Maalim, utuwie radhi. Alikuuliza kwenye darsa ya kina mama kama maganda haya yana nguruwe. Ukamwambia jambo la shaka bora aliache."

Tulinyamaza. Ni kweli tulisema hivyo, kwa sentensi moja, tukiwa tunafunga kitabu kwa kuwa Alasiri imeingia. Hatukumuuliza dawa ile ni ya maradhi gani, wala hatukuuliza ganda lile limeundwa kwa kitu gani. Jawabu letu lilikuwa na sura ya uchaji Mungu, lakini ndani yake hamkuwa na elimu. Tuliandamana na kijana yule hadi kwenye duka la dawa, na usiku ule mfamasia akawa ndiye mwalimu, sisi tukawa wanafunzi. Mengi ya tunayoyaandika hapa yalianzia kwenye meza yake.

Ganda limetoka wapi

Kapsuli si kitu cha kale sana. Mwaka 1834, mjini Paris, mtu aitwaye Mothes na mwenzake Dublanc walipata hataza ya kufunika dawa chungu kwa ganda laini la jelatini. Mwaka 1846 Mfaransa mwingine, Lehuby, akasajili ganda la vipande viwili, kimoja kikivaa juu ya kingine, na huo ndio mfano tunaouona mpaka leo.

Jelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama mpaka ule utando unaoshikilia mwili ulainike na kuyeyuka. Aghalabu wanyama hao ni ng'ombe na nguruwe, na kwa uchache samaki. Ikiwa ya moto ni maji, ikipoa huganda. Kiwandani, pini za chuma zilizopangwa safu safu huchovywa katika jelatini ya moto, zikiinuliwa utando hugandia juu yake, hukaushwa, hukatwa kwa kipimo, kisha huchomolewa. Hilo ndilo ganda. Jelatini ya nguruwe na ya ng'ombe ikishakauka haitofautiki kwa jicho wala kwa ulimi, na karatasi ya maelezo mara nyingi huandika "jelatini" pasi na kutaja mnyama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa karatasi ya dawa ya mama yule.

Kwa hiyo wasiwasi wa mama haukuwa upuuzi, na swali lake lilikuwa swali halali. Kosa lilikuwa katika jawabu.

Tasbihi ndani ya mti

Mfamasia alitueleza kuwa siku hizi yako maganda ambayo hayana mnyama hata chembe. Ili tufahamu, akatutajia neno "polima". Sisi tulilielewa kwa mfano wa tasbihi. Chukua punje moja ya tasbihi, itateleza kati ya vidole na kupotea. Tunga punje nyingi katika uzi mmoja, umepata kitu cha kushika, kukunja na kutundika. Polima ni mnyororo wa namna hiyo, ulioungwa kwa vipande vidogo vinavyofanana, mamia kwa maelfu, kwa udogo usioonekana kwa macho.

Mimea ni mafundi wakubwa wa minyororo hiyo. Hutwaa sukari wanayoitengeneza kwa jua, maji na hewa, kisha huiunga. Wakiiunga kwa namna moja, hutoka wanga wa muhogo na wa mahindi, ambao tumbo letu hulivunja na kulipa mwili nguvu. Wakiiunga kwa namna nyingine, ingawa sukari ni ile ile, hutoka selulosi, ambayo ndiyo uti wa mbao, makuti na pamba. Mfaransa Anselme Payen aliitenga selulosi na kuieleza mwaka 1838, miaka minne tu baada ya ile hataza ya kapsuli.

Ganda la mmea linalotumika zaidi huundwa kwa selulosi. Mbao hupikwa mpaka ziwe rojo, au huchukuliwa nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu za pamba, kisha selulosi yake hubadilishwa kwa kemikali ili ikubali kuyeyuka majini. Zao lake huitwa hipromelosi. Mbali na kuwaondolea shaka Waislamu, Mayahudi, Mabaniani na wasiokula nyama, lina faida ya kitabibu. Ganda la jelatini hubeba maji kwa kiasi cha sehemu 13 hadi 16 katika kila 100 za uzani wake, na likikosa maji hayo huvunjika kama ganda la yai. Ganda la hipromelosi huwa na maji machache zaidi, na bado halivunjiki kwa urahisi. Kwa dawa inayoharibika kwa unyevu, hilo ni hifadhi njema.

Pale mwani unapoingia

Hapa ndipo msomaji wa Pwani anapostahili kutega sikio. Selulosi ile iliyobadilishwa ina tabia iliyo kinyume na jelatini. Jelatini huganda ikipoa, ilhali hipromelosi huelekea kuganda ikipata moto. Pini za kiwanda zikichovywa ndani yake, utando huteremka kabla haujashika. Viwanda kadhaa vilipata ufumbuzi kwa kutia kiasi kidogo cha kitu kingine cha kugandisha, kiitwacho karajinani. Na karajinani hutoka kwenye mwani mwekundu.

Nani asiyeujua mwani huo? Kusini mwa Kwale, Kibuyuni, Mkwiro na Gazi, kina mama huteremka pwani maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, wakachomeka vigingi, wakanyoosha kamba, wakafungia vipandikizi vya mwani kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi huvuna, wakaanika, wakajaza magunia. Zanzibar kilimo hicho kilishika kasi tangu mwaka 1989, na huko pia wengi wa wakulima ni wanawake. Aina zinazopandwa ni mbili, spinosumu na kotonii. Spinosumu hutoa karajinani ya mgando laini. Kotonii hutoa ile ya mgando mgumu, na bei yake ni bora, lakini ni dhaifu mbele ya joto la maji, na wakulima wa Zanzibar wameiona ikifa katika maeneo mengi kadiri bahari inavyozidi kupata moto.

Hatudai kwamba ganda alilomeza jirani yako lina mwani wa Kibuyuni. Gunia likishaondoka pwani huchanganyika na magunia ya Indonesia na Ufilipino, wala hakuna wa kulifuata. Lakini ni haki kusema kwamba jamii ya mmea ule ule, unaotoka katika maji ya aina ile ile, umefika mpaka kwenye dawa za wagonjwa wa dunia. Dada zetu huuza mwani mkavu kwa kilo, na thamani kubwa huongezwa mbali, mwani unaposafishwa na kugeuzwa unga. Kina mama wa Kibuyuni wameanza kupiga hatua ya kwanza kwa kutengeneza sabuni na mafuta ya mwani. Kutoka sabuni hadi daraja la dawa ni safari ndefu, yenye maabara, vipimo na usafi wa hali ya juu, wala hatutaki kumpumbaza mtu. Lakini mtoto wa madrasa anayependa kemia ajue kwamba mlangoni kwao pana kazi inayomngoja.

Mimea mingine wodini

Tulipoanza kuuliza, tuligundua kuwa mmea umekuwa hospitalini siku zote, ila macho yetu yameuzoea. Pamba na bendeji ni selulosi tupu. Mipira ya mikono ya daktari, ile ya asili, ni utomvu wa mpira, mti uliotoka misitu ya Amazon. Ilianza kuvaliwa katika upasuaji mwishoni mwa karne ya 19 pale daktari William Halsted wa Marekani alipoagiza glavu kwa ajili ya muuguzi Caroline Hampton, ambaye mikono yake ilikuwa ikichubuka kwa dawa ya kuulia vijidudu. Kidonge cha kawaida kisicho na ganda mara nyingi hushikanishwa kwa wanga au kwa selulosi ya unga, na wanga huo huo ukikutana na maji ya tumbo huvimba na kukipasua kidonge ili dawa itoke. Gundi ya mgunga, inayochumwa Sudan kwa wingi na pia katika nchi kavu za kaskazini mwa Kenya kama Turkana, Isiolo na Wajir, hutumika kushikilia dawa ya maji isijitenge na kutuama chini ya chupa.

Upo pia mwani wa rangi ya kahawia wa bahari za baridi, ambao Mwingereza Stanford aliukamua aljinati katika miaka ya 1880. Nyuzi za aljinati hufanywa kitambaa cha kidonda kinachotoa maji mengi. Kitambaa hicho hunywa majimaji, kikageuka kuwa ute laini, na siku ya kukibadilisha haking'ang'anii nyama mbichi. Aliyewahi kumwuguza mzee mwenye kidonda cha kisukari, akamsikia akilia bendeji inapobanduliwa, atajua hiyo ni rehema kiasi gani.

Na katika kushona, tabibu wetu Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki mnamo mwaka 1013 na kutuachia Kitab al-Tasrif chenye sehemu 30, alitumia nyuzi za utumbo wa wanyama ndani ya mwili kwa kuwa huyeyuka zenyewe. Leo ziko nyuzi na hata skrubu za mifupa zilizoundwa kwa minyororo ya asidi ya laktiki, asidi ile inayopatikana pia katika maziwa yaliyoganda, na ambayo huweza kupatikana kwa kuchachusha sukari ya mahindi au ya miwa. Skrubu ya namna hiyo hushika mfupa mpaka uunge, kisha taratibu mwili huivunja ikawa maji na hewa tunayoitoa puani. Mgonjwa hahitaji kupasuliwa tena ili itolewe.

Waliyoyasema wanazuoni

Twarejea kwenye swali la mama. Wanazuoni wa zama zetu wamelizungumza suala la jelatini ya nguruwe kwa upana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilisema haijuzu kwa Muislamu kuitumia katika chakula, na likaeleza kuwa ile itokanayo na mimea au na mnyama aliyechinjwa kisheria inatosha. Kwa upande wa pili, semina ya Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi ya Tiba iliyofanyika Kuwait mwaka 1995 iliegemea hoja ya istihala, yaani kitu kikigeuka dhati yake hubadilika hukumu yake, kama mvinyo unapokuwa siki, na ikaiona jelatini iliyogeuka hivyo kuwa tohara.

Sisi si wa kuamua baina ya wakubwa hawa. Tunaloliona ni mambo mawili yasiyo na ubishi. La kwanza, ganda la mmea huwatoa wote katika khitilafu. La pili, pale mbadala usipopatikana na maradhi yakawa ya kuhofiwa, sheria imemwondolea dhambi mwenye dharura, na kuihifadhi nafsi ni katika makusudio yake makubwa. Ipo mpaka leo dawa ya kuzuia damu kuganda, heparini, ambayo kwa wingi hutokana na utumbo wa nguruwe, na mgonjwa aliyeandikiwa kwa haja ya kweli haambiwi aende akafe. Iko pia mifano ya faraja. Insulini ilikuwa ikikamuliwa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe, lakini tangu mwaka 1982 ile iliyozalishwa na vijidudu maabara ikaanza kuuzwa, na leo ndiyo itumikayo zaidi. Elimu hufungua milango, nasi tuwe na subira ya kuingoja bila ya kumtoa kafara mgonjwa.

Tusiutukuze mmea kupita kiasi

Uadilifu watutaka tuseme na upande wa pili. Neno "mmea" si hirizi. Utomvu wa mpira huwadhuru baadhi ya watu kwa mzio mkali. Selulosi hugeuzwa hipromelosi kwa kemikali zinazotokana na mafuta na gesi ya ardhini, na ganda lake kwa kawaida ni ghali kuliko la jelatini, nayo jelatini ni masazo ya machinjio ambayo pengine yangetupwa. Ile polima ya asidi ya laktiki, ambayo ndani ya joto la mwili huyeyuka, ikitupwa baharini hukaa muda mrefu sana. Hata kamba za mashamba ya mwani, ikiwa ni za plastiki na zikaachwa zikikatika, huongeza taka kwenye miamba yetu. Mti hukua tena baada ya kukatwa, na hiyo ni fadhila ambayo mafuta ya petroli hayana. Lakini fadhila hiyo hubaki pale tu tunapopanda, tunapokata kwa kiasi na tunaposafisha tulipofanyia kazi. Mizani iliyowekwa ulimwenguni haimsamehe mwenye kuivuka kwa kuwa ametumia majani.

Tufanye nini nyumbani

Kwanza, usiache dawa kwa neno la barazani, liwe la jirani au la sheikh. Dawa za kifafa, shinikizo la damu, kisukari, moyo na kifua kikuu zikikatwa ghafla huleta hatari.

Pili, soma karatasi iliyomo ndani ya boksi, au mpe kijana wako aliyesoma akusomee. Ukikuta hipromelosi, au herufi HPMC, au alama E464, ganda hilo limetokana na selulosi ya mimea. Alama E407 ni karajinani ya mwani, na E414 ni gundi ya mgunga. Ukikuta jelatini peke yake, muulize mfamasia ni ya mnyama gani. Asipojua, muombe aulize kwa aliyemletea. Kumbuka pia kwamba ganda la mmea halithibitishi kuwa yaliyomo ndani yote ni ya mmea.

Tatu, muulize daktari kama dawa ile ile ipo katika kidonge cha kawaida au katika maji. Mara nyingi ipo. Lakini yeye ndiye wa kubadilisha na kupima kiasi.

Nne, usifungue kapsuli na kumimina unga wake kwenye uji pasi na kuuliza. Zipo zilizotengenezwa zitoe dawa kidogo kidogo, au zipite tumboni salama kwanza. Ukizifungua, dawa yaweza kuharibika au kumwingia mgonjwa yote kwa mpigo.

Mama yule alianza tena dawa zake usiku ule ule, kwa ganda lile lile, kwa hukumu ya dharura. Baada ya siku kadhaa daktari wake alimhamishia kwenye vidonge visivyo na ganda, akamfuatilia kwa karibu. Mkono umepona, ila kovu limebaki, na kila tunapoliona tunakumbuka sentensi yetu moja.

Katika darsa iliyofuata tulisimama mbele ya kina mama, naye akiwa miongoni mwao, tukalirudi neno letu na kuwaeleza haya tuliyowaeleza nyinyi. Tulipofika kwenye habari ya mwani, mama mmoja wa makamo aliyekulia Kusini alitukatiza, akasema, "Maalim, kumbe miaka yote ile tukirudi na miguu iliyochanika tulikuwa tukifanya kazi ya hospitali!" Kina mama wakacheka. Sisi hatukuwa na la kuongeza, ila kumuombea yeye na wenziwe baraka katika jasho lao, na kujiombea sisi tuwe wepesi wa kuuliza kabla ya kujibu.

Wabillahi tawfiq.